Keki ya kuchonga imefika Shela imeharibika, tatizo lilianzia wapi?

Mwezi ulopita dada mmoja wa huku Langoni, mjini kwetu Lamu, kanipigia simu analia kabisa, keki yake ilochongwa umbo la mashua imepelekwa kwa boti kijiji jirani cha Shela, imefika mlingoti umelala na ubavu umepasuka kutoka chini mpaka juu, na maneno yote ni nahodha, nahodha kapiga mbio, nahodha hasikii la mtu, nahodha hana adabu. Nkamwambia bas nitumie picha. Kuiona tu nkajua nahodha wa watu kasingiziwa. Ule ufa ulianza kwenye ubao ukapanda juu, na ufa wa namna hio hauletwi na wimbi, unaletwa na ubao mwembamba ulopinda wakati keki inanyanyuliwa, yaani keki ilishakwisha pale pale mlangoni kwake kabla haijaona maji.

Nimepeleka keki nyingi za maumbo hapa kwetu, dele la kahawa, punda, siwa (lile baragumu letu la jadi), mlango wa kuchonga na misumari yake ya shaba (ya sukari lakini), kofia ya vito, na nshaharibikiwa mara za kutosha. Nlojifunza ni kwamba keki ikifika vibaya, mara nyingi kosa lilifanyika jikoni, safari imelifichua tu. Kwa hio ukiona balaa usianze kubandika bandika, piga picha pande zote nne kwanza, halaf angalia kitu kimoja: hili jambo limeanzia wapi, juu, chini, ndani au nje? Jibu la hapo ndio dawa yake.

Na kabla hata ya kutoka nyumbani ipime. Weka keki na ubao wake mezani, usukume ubao kwa haraka kama upana wa kiganja halaf usimamishe ghafla, mbele na nyuma, kushoto na kulia, mara nne tano. Kitu kikicheza hapo, kwenye boti kitaanguka. Watu wanaogopa kuipima hivi eti wataivunja, sasa afadhali ivunjike kwako una krimu na kisu au ivunjike ukumbini mbele ya wakwe?

KEKI IMELALA UPANDE

Hapa ntakaa kidogo manake ndipo pesa zinapotea. Kulala kuna sampuli zake na kila moja ina babake.

Kama ngazi ya juu imehama nzima nzima, yenyewe haijavunjika ila imeteleza kama mtu kasogea kwenye mkeka, hapo hukuweka kijiti cha katikati. Kila ngazi inatakiwa ikae juu ya kibao chake chembamba kilotobolewa katikati, halaf kijiti kirefu kilochongwa ncha kama penseli kinapigwa kutoka juu kinapita vyote mpaka kigonge ubao wa chini kabisa. Stroo na vijiti vyengine vinabeba uzito tu, havizuii keki kuteleza. Nimeona watu wanaweka vijiti kumi vya kubeba na hawana hata kimoja cha kushikilia.

Kama ngazi ya juu imezama na ya chini imetoka mbavu, hapo vijiti vya kubeba ni vifupi au havilingani, uzito umeangukia keki yenyewe na keki haiwezi, ni kama kujenga gorofa juu ya godoro. Kosa ambalo hata mimi nimelifanya miaka ni kupima kila kijiti kwenye tundu lake. Keki haiko sawa juu, kuna mahali imepanda na mahali imeshuka, ukikata kila kimoja kwa kipimo chake unapata meza yenye miguu isolingana. Pima mara moja tu, pale palipo juu zaidi, kata cha kwanza, vyengine vyote kata kwa kufuata hicho. Keki ya juu ikiwa na upana wa sentimita 20 mimi naweka vitano au sita kwa duara na nafasi za sawa.

Halaf kuna hii ya keki za kuchonga zenyewe ambayo wapishi wa keki za kawaida hawaijui. Punda wako ana urefu wa sentimita 30, umepanga keki saba za duara moja juu ya nyengine na krimu katikati, halaf unachonga. Hio si keki, ni mnara wa mkate, na kila krimu ilo katikati ni pahala pa kuteleza. Kila ikifika sentimita 10 hivi weka kibao cha ndani na vijiti chini yake, yaani huyo punda ana dari mbili tatu ndani kama nyumba ya gorofa na wewe unachonga kuta tu. Utamu haupungui na mkataji pia anafurahi manake anajua pa kusimamisha kisu.

Kichwa cha punda kikiinamia mbele ni habari nyengine, hapo uzito uko nje ya mwili. Usichonge kichwa kwa keki. Chukua ile sirio ya mchele ulofurishwa, yeyusha mashimelo na siagi kidogo, changanya, paka mikono mafuta ufinyange ikiwa bado vuguvugu, ikipoa inakuwa ngumu na nyepesi na unaifunika fondanti (ile sukari laini ya kufunikia keki) kama kawaida. Na ikiwa punda anasimama kwa miguu minne kweli kweli, miguu hio iwe vyuma vilofungwa kwa nati kwenye ubao wa chini na juu yake kibao, tumbo linakaa juu ya kibao. Chuma kisiguse keki, kivishe stroo au kipakwe chokoleti au kizungushie karatasi ya chakula. Miguu ya sukari haibebi punda hata kwa kusomewa.

Keki yote ikiinama pamoja na ubao wake, usiiguse keki, tazama ubao na pahala ulipouweka. Kwa kitu cha kilo 5 kwenda juu mimi sitaki kadibodi hata ikiwa mbili, nataka plaiwudi ya milimita 12 ilofunikwa foili au karatasi ya chakula, na chini yake vipande viwili vya mbao vya sentimita 2 ili vidole vipate pa kuingia. Ule ubao usio na pa kushika ndio unanyanyuliwa kwa kucha upande mmoja, unapinda, na ubavu unapasuka, kama ya yule dada yetu. Na sisi Lamu jamani kukosa fundi wa mbao ni aibu, mtu anayechonga mlango wa msaji atashindwa kukukatia duara la plaiwudi?

Kurekebisha ukiwa ushafika: ilohama tu, isukume irudi kwa visu viwili vipana, piga kijiti cha katikati, tundu lifunike kwa ua au kamba ya sukari. Ilozama hamna mkato, itoe ya juu, toa vijiti, weka vipya vya urefu wa kweli, dakika ishirini chumba kilopoa na watoto wawe nje.

FONDANTI IMEFANYA KITAMBI AU MAPOVU

Uvimbe mmoja wa duara ukiugusa unabonyea kama puto ni hewa ilobaki ndani, na ikipata joto njiani inapanuka. Toboa kwa sindano safi kwa upande, si moja kwa moja, sukuma hewa na kiganja taratibu. Dakika mbili kazi imekwisha.

Kitambi cha kuzunguka keki yote kiunoni si hewa. Hapo keki imeshuka baada ya kufunikwa na imesukuma krimu nje. Keki mpya ni lazima ijikalie, ijaze krimu, izungushie plastiki ya chakula, weka juu yake kibao na kitu cha uzito wa kitabu kikubwa, iache masaa kadhaa au usiku mzima, halaf ndio uchonge na ufunike. Ukiwa na haraka ukaruka hapo, mkokoteni utaifanya hio kazi kwa niaba yako, ile tikitiki ya magurudumu kwenye mawe inashindilia keki kuliko kitabu. Kitambi kilotoka hakirudi, kivishe mkanda, mimi nishakifunga ukili wa sukari na wenyewe wakasifu ubunifu.

NYUFA

Ufa wa kutoka chini kwenda juu nshausema, ni ubao. Nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya kiwiko, kwenye kona na mabegani, ni fondanti ilokaukiwa ukiwa bado unaivuta, nazo zilikuwepo kabla ya safari ila hukuvaa miwani. Chukua fondanti ya rangi ile ile, iponde na matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito, jaza kwa kidole, panguza. Ufa wa kulala kama mstari shingoni au kiunoni maana yake kitu cha juu kinatikisika peke yake, rudi kule kwenye kijiti cha katikati, kuziba tu hakusaidii, ukiendelea na safari utafunguka tena.

INATOA JASHO

Sasa hili ndio gonjwa la visiwani. Umeitoa keki frijini nzuri inang'aa kama sahani, dakika kumi nje imelowa, inanata, nyeusi imeshuka kwenye nyeupe, kila anoigusa anaacha alama ya kidole. Watu wanasema fondanti mbovu. Si mbovu. Ni kama chupa ya soda baridi ikiwekwa juu ya baraza, maji yale hayatoki ndani ya chupa, yanatoka hewani. Hewa yetu imebeba maji mengi kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 23, 24 hivi kitavaa umande, na friji yako iko nyuzi 4. Juu ya hayo sukari yenyewe inapenda maji, inayavuta.

Dawa ni boksi, na si kiboksi cha kuchungulia chungulia. Keki iingie frijini ikiwa tayari ndani ya boksi la kadibodi lilofungwa selotepu kila mshono, na nje ya boksi izungushie plastiki ya chakula. Isafiri hivyo hivyo. Ikifika isifunguliwe! Iache masaa mawili matatu ndani ya chumba kilopoa mpaka baridi imtoke, umande utavaa boksi na sio keki. Hapa ndipo wakwe wanaponishinda, boksi likifika kila mtu anataka kuona, mara mama mkubwa, mara somo, kila mmoja afungue kidogo tu, na kila kidogo tu inaingiza hewa mpya ya mvuke. Mimi siku hizi naandika juu kwa maka nene ISIFUNGULIWE MPAKA SAA KUMI na naweka na picha ya keki kwenye simu ya mwenye shughuli ili wamalize hamu.

Ikishalowa, usipanguse, usipake unga wa mahindi, utapata madoa meupe ambayo ndio hayaondoki tena. Elekeza feni kwa mbali, usiiguse, itakauka yenyewe, itabaki na mng'ao kidogo tu. Kama chumba kina eyasii (kiyoyozi) zaidi ya hapo hutaki kitu, eyasii inakausha hewa.

Na swali ambalo watu hawajiulizi, je hio keki ilihitaji friji kweli? Keki ilopakwa ganashi (chokoleti iloyeyushwa kwa krimu ya moto) na kujazwa jamu au ganashi, haina krimu mbichi wala kastadi, inaweza kulala usiku mmoja kwenye chumba kilopoa bila kwenda frijini, na isopata baridi haina jasho la kutoa. Kwa keki za safari mimi nshaacha krimu mbichi kabisa. Krimu mbichi na kastadi ukizitoa nje ni masaa mawili, na jua likipita nyuzi 32 ni saa moja tu, baada ya hapo ni suala la matumbo ya watu, si suala la urembo tena. Mtu akikulazimisha krimu mbichi aje aile kwako.

KRIMU IMELAINIKA, UMBO LIMEPOTEZA SURA

Siagi inaanza kuyeyuka nyuzi 32 mpaka 35 lakini inalegea zamani kabla ya hapo, na mwisho wa kaskazi, mwezi wa tatu wa nne pale upepo ukikata, kivulini tu tunafika 32. Kwa hio batakrimu ya siagi tupu ni ya watu wa Limuru. Gawa nusu siagi nusu mafuta magumu ya mboga, ladha inapungua kidogo, kusimama kunaongezeka sana. Kwa kuchonga mimi napaka ganashi: vitabu vinasema chokoleti nyeusi mbili kwa krimu moja, kwa joto la huku fanya tatu kwa moja, na chokoleti nyeupe ifike nne kwa moja manake ile ni laini kwa asili. Ganashi ikiganda ni kama lipu, keki inakuwa na ukuta.

Lakini hata lipu ina mwisho wake. Boksi likipigwa jua dakika kumi tu juu ya boti isokuwa na paa, ndani ni oveni. Funika kwa leso nyeupe ilolowa maji baridi ikakamuliwa, juu ya plastiki, isiguse kadibodi, na ndani ya boksi kubwa zaidi weka chupa za maji yaloganda pembeni zilofungwa taulo. Chupa zisiwe zimegusana na boksi la keki utarudi kule kwenye jasho.

VITU VIMEKATIKA

Mlingoti, foromali (ule mti wa tanga), masikio ya punda, mrija wa dele, siwa yenyewe ile ncha. Kila kitu kilotoka nje ya mwili kama mkono kitakatika, swali ni lini tu. Visafiri peke yake. Yule dada wa Shela mlingoti wake ulikuwa umeshasimamishwa na tanga juu, sasa hata mashua ya kweli inateremsha tanga ikifika gatini, yake inapanda boti na tanga wazi lishike upepo?

Kuna watu vitu vyao vinakatika hata vikiwa peke yake, na sababu ni kwamba havikukauka. Ukichanganya unga wa CMC kwenye fondanti, kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250, inakauka ngumu, lakini huku unyevunyevu unaifanya ichukue siku tatu, pahala pengine ni siku moja tu, na ikikauka pia inaweza kulegea tena usiku wa mvua. Vikaushe mapema, geuza kila siku, halaf vihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavokuja na viatu, vilofungwa pembeni visiguse chakula. Kitu kirefu kipe kijiti cha mishkaki ndani, na acha sentimita tano za kijiti chini za kuchomeka. Tundu la kuchomekea litayarishe nyumbani kabisa, weka stroo ndani ya keki, ukifika unatumbukiza kama bendera, dakika moja.

Gluu ya safarini ni chokoleti iloyeyushwa, inashika ikipoa tu. Royal icing (sukari ya unga na ute wa yai) inashika vizuri zaidi lakini inataka muda wa kukauka, na ikigusana na mafuta inalegea. Bebeni mfuko wa dharura: fondanti ya kila rangi ulotumia, chokoleti, sindano, visu viwili, brashi, vijiti na stroo za ziada, mkasi, na kidogo ya mapambo yoyote ya kufunikia makosa. Mimi nabeba majani na maasumini ya sukari hata kama keki ni ya gari la mtoto.

IMETIKISIKA NJIANI

Haya sasa tumfikie nahodha, manake si kila mara hana kosa.

Kwenye boti pua ndio inaruka zaidi, kwa hio keki haikai mbele hata kama ndiko kuna nafasi nzuri. Inakaa chini sakafuni, nyuma kidogo ya katikati, juu ya kile kijizulia cha raba chenye matundu kinachowekwa kwenye kabati vyombo visiteleze, na mtu kakaa chini kaikumbatia boksi kwa magoti. Isiwekwe kwenye kiti wala mapajani. Ongea na nahodha kabla ya kupanda, mwambie ni keki, mwambie ya nini, mwonyeshe picha. Nahodha alooneshwa picha ya keki ya harusi anaendesha kama kabeba mayai ya mamake. Asoambiwa anaona boksi tu.

Saa ya kutoka ni nusu ya kazi. Baada ya sala ya alfajiri maji yametulia na hamna jua, mchana upepo wa kusi ushapanda na mkondo wa Lamu unachafuka. Lakini angalia na maji: siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapwa saa nne saa tano za asubuhi na yanapwa kweli, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Nlipeleka keki ya siwa Mokowe, ng'ambo ya bara, siku kama hio, boti iko chini kabisa, ngazi za gati zimevaa mwani wa kijani unateleza kama sabuni, na mimi na kilo 8 mikononi. Tulikaa pale juu tukisubiri maji kama wavuvi. Siku za maji mafu ni nafuu, tofauti ni ndogo. Kwa Shela, ile njia ya ufukweni maji yakijaa inafunikwa, anaekwambia atakwenda kwa miguu muulize maji yako wapi kwanza, na kilomita 3 na keki mkononi si matembezi.

Mjini kwenyewe, punda hapana. Najua punda anabeba simenti, mchanga, mafriji, lakini mwendo wake ni wa kuyumba kushoto kulia na akikutana na punda mwenzie kwenye kichochoro atakubana ukutani na hasemi samahani. Mkokoteni ni sawa ukiwa umetandika godoro jembamba gumu la sentimita 3 hivi, jembamba nimesema, godoro nene linaifanya keki inesenese kama iko kwenye bembea, na mwendo uwe wa maiti. Kwa masafa mafupi watu wawili na ubao wenye pa kushika hawana mfano, wa tatu atangulie kusafisha njia.

Ukitaka kuijua njia yako, nenda siku moja kabla na sufuria ya maji ilojaa mpaka vidole viwili chini ya ukingo. Pahala maji yanapomwagika ndipo keki yako itakapoumia. Watakucheka, wacha wacheke.

Wenzetu wa Malindi mnaotumia tuktuk tatizo lenu ni kiti. Kiti kimelala nyuma, keki ikikaa pale inalala nayo na kila tuta linaiongezea. Weka sakafuni, au tandika taulo ilokunjwa mpaka kiti kiwe sawa, pima na glasi ya maji. Kwenye gari ni buti, si kiti, na buti ikiwa imepoozwa kwanza.

IMEFIKA SALAMA LAKINI HAIINGII

Msinicheke, hii imetukuta wengi. Milango yetu ya kuchonga ina mbao mbili na mara nyingi unafunguliwa mmoja tu, ule wenye mfaa (mti wa katikati) umefungwa komeo siku nyingi na hakuna anaekumbuka ulivofunguliwa. Upana ulobaki ni wa mtu mmoja, chini kuna kizingiti cha kuruka, halaf ndani ngazi zilosimama kama za kupandia mnazi na zinapinda kona. Keki ya mlango yenyewe, keki, ilishindwa kuingia mlangoni, ubao ulikuwa sentimita 75. Tuliikata pale pale nje mlangoni na mwenye shughuli hajanisamehe mpaka leo. Siku hizi kastoma akitoa oda namtumia mtu apime mlango, kona ya ngazi, na meza, kabla sijachora. Ikiwa hakuna njia keki inajengwa vipande viwili inaunganishiwa ndani.

MADOA, RANGI, HARUFU

Vidoti vyeupe au vishimo vishimo ni maji ya bahari au mvua ya rasharasha, tone moja linayeyusha sukari papo hapo. Hayafutiki, funika. Turubai dogo juu ya boksi lote, na mapembe yafungwe chini upepo usinyanyue. Rangi ilopauka upande mmoja ni jua, zambarau na waridi ndio zinakwisha haraka, hata ukiiweka dirishani nyumbani. Nyekundu na nyeusi zikichuruzika ni jasho, rudi juu.

Keki inanuka petroli: iliwekwa karibu na injini au dumu. Mafuta ya siagi yanavuta harufu kama pamba na hamna dawa, hata ukiipamba upya ukiila utaijua. Harufu ya samaki vile vile, uliza boti ilibeba nini asubuhi.

Na ikishafika salama ikawekwa mezani, miguu ya meza tia ndani ya vikopo vya maji, sisimizi wa hapa wanasoma kadi za mwaliko. Mlango wa chumba ufungwe kwa ajili ya paka.

Kukabidhi: mimi namwandikia mwenye shughuli kwenye karatasi vijiti vingapi, vyuma vingapi, vibao vingapi viko ndani na viko wapi, na namwambia anokata avihesabu vikitoka. Keki ya punda ilikuwa na vijiti 14 na dari mbili. Vilirudi 13, tukalala saa saba usiku tunakitafuta cha mwisho kwenye sahani za watu, kumbe mtoto kakichukua anachezea vita barazani.